Maswali ya Wasomaji: Wati za Karatasi na Wati za Kweli

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza juu ya amplifaya za stereo za nyumbani, zile ambazo boksi moja lina volumu, vitufe vya kuchagua muziki na nguvu ya kusukuma spika. Tumechagua nne.

Nina spika mbili za kuweka rafuni, nyuma zimeandikwa omu 6 na desibeli 87. Sebule yangu ni futi 14 kwa 12. Dukani kuna amplifaya ya "wati 2000" na nyingine ya wati 50 kila upande, na ajabu ni kwamba hii ya 50 ndiyo ghali. Nichukue ipi?
*Msomaji, Tudor*

Chukua ya 50. Hizo 2000 karibu kila mara ni PMPO, hesabu ambayo kila mtengenezaji hujipigia apendavyo. Igeuze hiyo amplifaya usome nyuma inakula stima kiasi gani. Ukikuta wati 60, basi umeshapata jibu, kwa sababu hakuna chombo kinachotoa kuliko kinavyokula. Zile ndogo zenye adapta ni rahisi zaidi kuzikagua: zidisha volti kwa ampea. Volti 24 mara ampea 5 ni wati 120, nazo ni za pande zote mbili pamoja, kabla hujatoa zinazopotea kwa joto.

Namba ya kuaminika huja na masharti yake: wati ngapi, kwa spika za omu ngapi (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoipinga stima), pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na sauti isiharibike zaidi ya asilimia 0.1 au karibu na hapo. Ukiona wameandika "asilimia 10", jua wameisukuma mpaka inapiga kelele ndipo wakapima.

Sasa hesabu ya sebule yako. Spika yako ikipewa wati moja hutoa sauti ya desibeli 87 kwa mtu aliye mita moja mbele yake. Ukikaa mita 3, spika zote mbili zikicheza, utapata kama 82, na hapo mgeni wako tayari anainua sauti ili asikike. Lakini muziki haupigwi sare. Pigo la ngoma laweza kuruka desibeli 13 juu ya wastani, na kuruka huko kunadai nguvu mara 20. Kwa hiyo wati moja ya kawaida inageuka wati 20 kwa kufumba na kufumbua. Amplifaya ya wati 50 inalibeba hilo na akiba inabaki. Ukienda ya 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio na kubwa kwa mfuko. NAD 3020, iliyotoka 1978, ilikadiriwa wati 20 kila upande, na mpaka leo kuna wanaoisaka.

Kwako wewe jambo la kuuliza ni zile omu. Hakikisha amplifaya inaruhusu spika za omu 6, na ikiruhusu 4 ndiyo bora. Usije ukaongeza jozi nyingine ya omu 6 na kubonyeza A na B, vitufe vya kuchagua jozi za spika, kwa pamoja. Kwa kawaida jozi hizo zinaungana sambamba, omu zinashuka hadi 3, amplifaya inachemka na kujizima, au inaungua. Na ukisikia sauti imeanza kukwaruza, punguza papo hapo. Amplifaya iliyozidiwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na nguvu inayozaliwa hapo huishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Twita nyingi huuawa hivyo, na amplifaya ndogo iliyolazimishwa.

Kama utaunganisha na runinga, tazama nyuma yake kwanza. Nyingi za siku hizi hutoa sauti kwa waya wa mwanga (optical). Yamaha A-S301, kwa mfano, ina tundu la waya huo. Amplifaya isiyo nalo itahitaji kigeuzi kidogo pembeni.

Nimeonyeshwa amplifaya ya mtumba kutoka Japani, safi sana. Muuzaji asema nitie transfoma ya 110 tu. Ni kweli?
*Msomaji, Kibokoni*

Si kweli kamili. Stima ya nyumba za Japani ni volti 100, yetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja fyuzi itakatika, na kama kuna fundi aliyewahi kuifunga fyuzi hiyo kwa waya, itakayoungua ni transfoma ya ndani. Ukiipa 110 itawaka, ila kila kitu ndani kitabeba volti zaidi ya kilivyopangiwa, na kwa joto la kaskazi hapa Mombasa kapasita zitachoka mapema. Tafuta transfoma ya kushusha 240 hadi 100. Ukubwa wake: soma nyuma ya amplifaya, kisha zidisha mara mbili. Ikila wati 150, nunua ya VA 300 (VA ndicho kipimo cha ukubwa wa transfoma) au zaidi.

Kabla ya kulipa, nenda na mita ya kupimia stima. Washa amplifaya bila spika, volumu ikiwa chini kabisa. Nyingi hutoa mlio mdogo wa "tak" baada ya sekunde chache, ndiyo rilei, swichi ya ndani inayofungulia spika. Weka mita kwenye DC, milivolti, upime matundu ya spika ya kila upande. Chini ya 50 ni sawa. Ikipita 100 iache, kwa sababu stima hiyo itapitia kwenye koili ya spika zako mchana kutwa. Halafu unganisha spika za bei rahisi, siyo zako nzuri, usikilize kila kitufe na kila tundu. Nusu saa inatosha kuonyesha kama upande mmoja unapata joto kuliko wa pili.

Kuna za mtumba kutoka Uingereza. Hizo ni za stima kama yetu, hata plagi ni ile ile, na tungekushauri uanze nazo.

Amplifaya yangu inakwaruza nikizungusha volumu, na upande wa kushoto hupotea hadi nigonge. Nakaa karibu na bahari.
*Msomaji, Likoni*

Ni chumvi ya upepo na unyevu: kontakti zimeshika kutu. Chomoa stima, subiri dakika 15, fungua kifuniko, pulizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye tundu dogo la volumu, kisha zungusha mwanzo mpaka mwisho mara 30. Iwe dawa ya vifaa vya umeme, siyo mafuta ya kulegezea nati. Fanya hivyo kwenye kitufe cha kuchagulia pia. Upande ukiendelea kupotea, mpe fundi atazame rilei na sehemu zilizolehemewa.

Kisha iwashe saa moja kila wiki hata kama husikilizi, ndani pakauke. Na tafadhali ondoa kile kitambaa cha kufuma kilichowekwa juu. Kinapendeza, lakini kimeziba matundu ya hewa. Acha sentimita 10 wazi juu yake. Stima ikipotea, chomoa amplifaya hadi irudi na kutulia.

Santuri zangu za taarabu zinasikika kwa mbali sana nikichomeka kwenye AUX.
*Msomaji, Majengo*

Sindano ya kawaida hutoa milivolti 5 hivi, AUX, tundu la kawaida la kuingizia muziki, inangoja mara 50 ya hizo au zaidi. Unahitaji tundu la PHONO, linalokuza sauti hiyo ndogo ya sindano, au kiboksi chake cha nje. Waya mwembamba wa peke yake unaotoka kwenye gramafoni ufunge kwenye skrubu ya GND (ardhi), la sivyo utasikia mvumo.