Skripti ya zamani kwenye ruta mpya

Nina flashi moja nyekundu ambayo imenilisha miaka mingi. Ndani yake mna skripti ya kuunganisha laini mbili za intaneti kwenye ruta ya MikroTik. Niliiandika enzi za toleo la 6 la RouterOS, programu endeshi ya ruta hizo, nikaibandika kwenye saiba za Nakuru, maduka ya Kakamega, popote nilipoitwa. Hosteli moja ya wanafunzi karibu na Maseno ndiyo iliyonikomesha.

Ruta ilikuwa mpya, imekuja na toleo la 7. Nikabandika skripti, mistari ikapita mbio kwenye skrini, nikajaribu kwa simu yangu: intaneti ipo. Nikalipwa, nikaondoka. Nilikuwa bado stendi ya Luanda nikisubiri matatu simu ilipolia. "Fundi, si uliniambia laini mbili? Hawa watoto wanasema hata moja haitoshi." Alikuwa mama mwenye hosteli. Nikarudi.

Laini ya pili haikuwa imepitisha chochote. Ruta ilikuwa imekataa mistari kadhaa na kuandika "input does not match any value of new-routing-mark", ila mistari iliyofuata iliusukuma ujumbe huo juu na mimi sikuuona. Katika toleo la 6, ukitaja jina la alama ya njia, yaani alama inayoiambia ruta pakiti ipite laini ipi, ruta inalipokea papo hapo. La 7 linataka kwanza uunde jedwali la njia lenye jina hilo:

/routing/table add name=laini2 fib

Hilo neno fib mwishoni si pambo. Bila hilo, jedwali halitumiki kupeleka pakiti za data. Na kwenye njia yenyewe, kilichokuwa kikiandikwa routing-mark sasa ni routing-table. Yote hayo yamo kwenye help.mikrotik.com, katika ukurasa unaoeleza jinsi ya kuhama kutoka la 6 kwenda la 7, pamoja na mifano. Kuusoma ni dakika kumi. Mimi nilitumia saa tano nikibahatisha, nazima, nawasha, huku wanafunzi wakichungulia mlangoni kama walio matangani.

Sikwambii kwamba sikutafuta. Nilitafuta, nikaangukia ile tovuti ya zamani ya maelekezo ya toleo la 6, na kila nilichosoma kilinithibitishia kwamba niko sahihi. Hapo ndipo mafundi wengi tunapoteleza. Sasa jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika /system resource print, naona toleo, kisha natafuta kwenye ukurasa wa maelekezo kama umetaja kipengele ninachokihitaji kilianza toleo lipi. Video sizikatai, lakini naangalia kwanza skrini ya mwenye video inaonyesha toleo gani. Nikikosa kuliona, naifunga.

Kabla ya kupandisha toleo nasoma orodha ya mabadiliko, na si ya toleo ninaloliendea peke yake bali ya yote yaliyo katikati. Mistari mingi huanza na nyota na mabano; ile yenye alama ya mshangao na mabano ndiyo mizito. Hiyo naisoma mara mbili.

Kwenye ukurasa wenyewe wa maelekezo, mfano nauacha mwisho. Naanza na jedwali la vigezo, hasa thamani ya awali ya kila kimoja, maana mfano umeandikwa kwa ruta ya mtu mwingine: waya wake wa intaneti uko tundu la ether1, wako huenda uko ether5. Pia napekua nikitafuta masharti. Kontena, yaani programu za ziada zinazoendeshwa ndani ya ruta, kwa mfano, hazifanyi kazi mpaka uziruhusu kwenye device-mode, mpangilio wa kile ruta inachoruhusiwa kufanya, na ruhusa hiyo lazima ithibitishwe kwa mkono: ubonyeze kitufe au ukate umeme ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida dakika 5. Ikiwa ruta iko juu ya mlingoti huko Bondo na wewe uko Nakuru, heri ulijue hilo kabla hujamwahidi mteja.

Kurasa ninazozihitaji nazihifadhi kwenye simu kabla sijatoka nyumbani. Utazihitaji saa ileile ambayo intaneti umeizima mwenyewe.

Kitufe cha Safe Mode kwenye Winbox, programu ya kompyuta ya kusimamia ruta hizi, nakibonyeza kila mara; ukijifungia nje, ruta inarudisha mambo yalivyokuwa. Ila maelekezo yanasema inakumbuka hatua 100 tu. Ukibandika skripti ndefu inatoka kwenye hali hiyo, na hakuna kinachorudishwa.

Na nakala ya mipangilio, jamani. Katika toleo la 6, amri ya /export ilitoa mipangilio pamoja na maneno ya siri ya wateja. Katika la 7 inayaficha mpaka uongeze show-sensitive. Hili nalo limeandikwa, nami nilikuwa sijalisoma siku radi ilipochoma ruta ya mteja mmoja Kakamega anayeuza intaneti mtaani. Nilifungua nakala yangu kwa madaha, majina ya wateja wake wote yapo, maneno ya siri hakuna. Tulizunguka naye siku mbili, nyumba 32, na wengi hawakujua hata kuwa walikuwa na neno la siri.