Re: Filamu fupi ya kuchekesha kuhusu ulemavu, naanzaje?

Mdogo wangu, umeuliza utafanyaje komedi fupi hapo Kigoma kuhusu watu wenye ulemavu bila kuonekana unawakejeli. Mi naona kazi yote ni kujua anayechekwa nani. Binamu yangu haoni, tukienda soko la Mwanga muuza dagaa ananiuliza mimi "huyu anataka mafungu mangapi?" halafu akimgeukia yeye anapaza sauti kama anaita mtumbwi, jamaa anamjibu taratibu tu "mama, macho ndo hayaoni, masikio mazima, na hilo fungu umenipunja". Sini ndo hiyo ushapata, anayechekwa ni muuzaji.

Ila usimvalishe rafiki yako miwani nyeusi aigize, tafuta asiyeona kweli, andikeni naye skripti tokea mwanzo na umlipe bana, sio soda. Dakika 4 au 5 zinatosha, simu pia inatosha, ila nunua kale kamaiki ka kubana kwenye shati maana upepo wa ziwani unakula maneno, na komedi isiyosikika imekufa. Weka maandishi chini kwa ajili ya viziwi. Kibali cha Bodi ya Filamu ulizia mapema, kabla hujapanga siku ya kushuti.