Neno nililolitamka Kibirizi siku ya mvua

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwaka mzima umekuwa ukikiri kila asubuhi kwamba kazi ni yako, kama mlivyofundishwa huko Dar, na kazi haijaja. Unauliza: maneno yana nguvu kweli, au tunadanganyana?

Yana nguvu, baba. Ila hayamwamuru Mungu. Mithali 18:21 inasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi; haikusema Mungu yumo katika uwezo huo. Aliyekuambia umekosa kwa sababu hukukiri vizuri amekutwisha mzigo usio wako. Utue leo.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelinyamazia. Unaikumbuka masika ile tulipoanika dagaa Kibirizi, hapa ufukweni Kigoma? Niliwanunua mwaloni alfajiri kwa mkopo wa kikoba. Kufika saa nne walishaanza kukauka mgongoni, mvua ikashuka. Nilipiga magoti nikawazoa kwa mikono pamoja na mchanga, huku nasema, "Sisi hatuna bahati. Ukoo wetu hauna bahati." Nilirudia hivyo mpaka jioni. Wewe ulishika ndoo, kimya.

Miezi michache baadaye, mtihani wa darasa la saba ukikaribia, nikakuuliza mbona husomi. Ukajibu bila kuinua macho, "Nisome ya nini, mama? Si ulisema sisi hatuna bahati?"

Mtaji niliurudisha kabla ya Krismasi. Lile neno nilihangaika nalo zaidi ya mwaka kulitoa ndani yako, na hata leo sijui kama limetoka lote. Nisamehe, mwanangu.

Soma Hesabu 13 na mwanzo wa 14. Wale wapelelezi kumi waliorudi kutoka Kanaani wakiwaogopa majitu walisema, "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi." Walianza kujiona, kisha wakasema, na usiku ule kusanyiko zima likalia. Kalebu naye aliwaona majitu wale wale, wala hakukana kwamba wapo. Kwa hiyo kumwambia Mungu "sina kazi, naumia" si kukosa imani. Daudi alilia hivyo katika Zaburi. Usiongeze tu "na sitapata kamwe," maana hilo hukuambiwa na Mungu.

Yakobo naye anataja usukani mdogo ugeuzao merikebu kubwa. Meli yetu Liemba, iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915, ina usukani. Haujawahi kutuliza wimbi hata moja la Tanganyika. Unageuza meli. Ndivyo ulimi ulivyo kwako: kutamka hakutamlazimisha mwajiri, lakini kutakupeleka mlangoni kwake au kutakulaza kitandani ukijihurumia.

Nimempa kondakta wa basi mfuko wa dagaa, wakavu, wa jua. Ukishawapokea nipigie. Niambie unavyojisemea usiku ukiwa peke yako, kabla usingizi haujaja. Hayo ndiyo nataka kuyasikia.

Mama yako