Jibu: Gundi kugeuka chokaa na meza kuachia, gereji ya Minnesota, Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini meza yako ya mwaloni mwekundu, uliyoiunga gereji Januari hii, imeachia kwenye maungio na gundi imebaki mstari mweupe kama chokaa. Wengi waliokujibu kabla yangu wanakwambia ubadilishe gundi. Gundi haina kosa. Ubao ulikuwa baridi.

Gundi ya mbao ya njano au nyeupe ni chembe za plastiki ndani ya maji. Maji yakinywewa na ubao, chembe hushikana ziwe utando mmoja. Baridi ikizidi hazishikani, zinabaki unga. Gundi ya Titebond Original inataka angalau nyuzi 10 za Selsiasi, Titebond III karibu nyuzi 8. Na hapo panapimwa ubao wenyewe, si hewa peke yake. Hita ikiwaka nusu saa utavua koti, lakini ubao uliolala usiku kucha kwenye nyuzi -15 bado ni barafu katikati. Ingiza mbao ndani siku moja kabla, gundi ikae jikoni, na klampu za chuma zipate joto pia. Baada ya kubana, acha saa mbili au tatu badala ya nusu saa, na usirande mpaka kesho yake. Maungio yaliyoachia yarande hadi uone ubao mpya, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu.

Sasa tatizo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo kubwa. Gereji isiyo na joto ina hewa yenye unyevu hata wakati wa theluji, hivyo mbao zake hukaa kwenye unyevu wa asilimia 12 au zaidi. Ndani ya nyumba, hewa ya nje ikishapashwa moto inakauka mno, na ubao unashuka hadi asilimia 6 hivi. Mwaloni mwekundu uliopasuliwa kwa bapa (pete za mti zikilala sambamba na uso wa ubao) hupungua upana kwa takriban 0.37% kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Meza ya upana wa milimita 900 ikishuka asilimia 6, hesabu inatoa karibu milimita 20. Ukiwa umeifunga kwa skrubu bila nafasi, lazima ipasuke. Matundu ya skrubu kwenye fremu yachongwe marefu kukatisha nyuzi za ubao, yale ya katikati tu yabaki ya duara. Mbao za samani za ndani zianikwe ndani wiki kadhaa, na vijiti kati ya ubao na ubao, kisha zipimwe kwa kipima unyevu.

Kinyume chake, droo zilizotengenezwa mbao zikiwa zimekauka hivi zitakwama Julai, zikishavimba. Paneli ya mlango yenye upana wa milimita 300 iachie nafasi ya milimita 2 hadi 2.5 kila upande ndani ya fremu, na uipake rangi au vanishi kabla ya kuiingiza kwenye fremu, la sivyo ikisinyaa utaona mstari wa ubao mtupu.

Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi mimi siikubali gereji. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na mvuke huo unageuka matone juu ya meza ya msumeno iliyo baridi: kesho yake kutu. Kuna pia kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, na moto wazi karibu na vumbi la mbao na mvuke wa vanishi. Hita ya umeme ya wati 1500 kwa volti 120 inakula ampea 12.5, kwa hiyo usiichomeke laini moja na msumeno, breka itakatika ubao ukiwa katikati. Kabla ya hita, ziba mlango wa gereji kwa povu gumu. Chuma cha meza ya msumeno kipake nta.

Betri za drili usizichaji chini ya sifuri. Jiwe la kunolea lililolowa maji likiganda linapasuka. Na matambara ya mafuta ya kitani, hata kama nje ni theluji, yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa: yatandaze moja moja nje yakauke, au yazamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na ufunike.