Altezza haichanganyi? Usikimbilie sailensa

Mkuu uliyeuliza kuhusu Toyota Altezza yako ya 1999, kwamba imekuwa nzito na fundi anakushauri utoe masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi), uweke sailensa kubwa na filta ya hewa ya koni. Nimekaa na Altezza RS200 manyo (gia za mkono) miaka sita, na hayo yote nilishayafanya. Nilichopata ni kelele, na trafiki wenye tochi ya spidi pale Chalinze kunisikia kabla hawajaniona.

Kwanza fungua boneti uone una injini gani. AS200 ina injini ya 1G ya silinda sita, farasi 160, hiyo usiumize nayo kichwa. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne: farasi 210 kwa manyo, 200 kwa otomatiki, kwa lita mbili tu na bila tabo (turbo). Toyota na Yamaha walishaikamua kiwandani. Farasi wa kuongeza humo ni wachache, ila waliotoroka kwa uzee wanaweza kuwa wengi.

Yangu ilikuwa nzuri chini, lakini injini ikifika mizunguko 4,500 kwa dakika inajikokota kama imefungwa tela. Nikabadilisha plagi, pampu ya mafuta, na koili mbili za mtumba. Wapi! Fundi mmoja mtu mzima akaniuliza, "Oili unamwaga baada ya kilomita ngapi?" Nikanyamaza. Akafungua vali ya oili ya VVT-i, mfumo unaobadili taimingi ya vali za injini, ndani kuna kichujio kidogo, kimejaa tope jeusi. Mfumo ule unasukumwa na presha ya oili, sasa oili isipopita, taimingi ya kemshafti, shafti zinazofungua vali, haibadiliki inavyotakiwa. Alipofungua na upande wa mkanda wa taimingi, akakuta aliyeufunga kabla yake alikosea jino moja. Nilikuwa nimeendesha hivyo mwaka mzima huku natafuta sailensa mtandaoni! Baada ya hapo gari ilipanda mpaka 7,600 bila kusita, na huko juu ndiko nguvu yake iliko.

Filta ya koni niliitoa. Kwenye foleni ya Dar inavuta hewa ya moto ya injini yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi. Rudisha boksi lake la kiwandani, lina bomba la kuvuta hewa ya nje.

Wese nalo: uwiano wa kompresheni kwa manyo ni 11.5 kwa 1, yaani injini inabana sana. Ukiweka la oktani ndogo, sensa ya noki inaisikia injini ikigonga, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inarudisha taimingi ya cheche nyuma, na nguvu inapungua bila taa yoyote kuwaka.

Masega yakiziba kweli, gari inabanwa, lakini yapimwe kwanza. Na fundi anayekazania kuyatoa, muulize yatabaki kwa nani. Yana soko yale.

Hela ya sailensa nunua bushi, shokapu na tairi nzuri. Kapime kompresheni, kisha weka hapa namba za silinda zote nne tuzione.