Chomoa flashi kwanza, ndipo uburute hizo ngoma

Mbukwenyi, ile salamu yetu ya Kigogo, tutapeana baadaye. Mleta mada, kama hujaziburuta bado hizo sauti, toa mkono kwenye mausi.

Umeandika kwamba uko Kongwa, umerekodi ngoma za bibi zako, umezikata pigo moja moja, ziko kwenye flashi, na usiku huu huu unataka kuziingiza kwenye pedi za FPC (kile chombo chenye vibonyezo, kila kimoja na sauti yake) ndani ya FL Studio, programu ya kutengeneza midundo. Umeuliza mambo manne: zinaingizwaje, MP3 inatosha au lazima WAV, pigo la taratibu na la nguvu yakaeje kwenye pedi moja, na kama laptopu ya RAM GB 4 itahimili. Wadau wa hapo juu wamekujibu kwa sentensi moja: shika faili, buruta, dondosha kwenye pedi, mchezo umeisha. Hawajakudanganya, ndivyo inavyofanyika. Hata mimi ndivyo nilivyofanya, na ndiyo maana niko macho saa hizi naandika badala ya kulala.

Kilichonichoma kwenye maelezo yako ni neno moja tu: flashi.

Mwaka 2021 nilikwenda Mvumi, mwezi wa saba, mtama umeshavunwa na akina mama wana nafasi. Nilibeba kinasa sauti cha kuazima, sukari kilo tano na doti tatu za kanga, maana huendi kuomba sauti za watu mikono mitupu. Wewe wa Kongwa sina haja ya kukueleza muheme, ila kwa wale wa pwani wanaopita hapa: ni ngoma za akina mama wa Kigogo, mama anaibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Mwenye ile ngoma kubwa alikataa kabisa tuanze. Akawasha mabua, akaizungusha ngozi juu ya moto, akagonga kwa kidole kimoja, akatega sikio. "Bado imelala." Akairudisha kwenye moto. Akagonga tena, akatikisa kichwa. Mara ya nne ndipo akacheka: "Haya mwanangu, imeamka."

Nilitoka na mapigo 41. Katikati ya ngozi, ukingoni, kiganja kizima, ncha za vidole, kwa nguvu na kwa taratibu. Nikarudi Nkuhungu, nikakesha nayakata. Diski ya laptopu ilikuwa imejaa muvi (usiniulize muvi gani), kwa hiyo nikayahifadhi kwenye flashi, folda naikumbuka mpaka leo: NGOMA MVUMI. Kutoka kwenye flashi nikayaburuta moja kwa moja mpaka kwenye pedi. Yakalia vizuri mno, mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasevu.

Sasa, sikuwa mjinga kiasi hicho, niliuliza. Kuna prodyuza mmoja hapa mjini, kofia kaigeuza nyuma, maneno mengi, studio yake ina taa za bluu kuliko spika. Nikamuuliza wazi: nikishaziingiza, zile faili za kwenye flashi nizifanyeje? Akanijibu huku anachezea simu, "Mwanangu, ukishasevu imemeza. Programu inameza kila kitu." Imemeza! Anayemeza ni chatu. Na kwa ushauri huo alinitoza elfu kumi ya "konsaltesheni". Nikikutana naye leo Majengo sokoni navuka barabara, si kwa hofu, ni kwa usalama wake.

Faili la .flp, lile la mdundo unalosevu, halimezi sauti zako. Linaandika anwani tu: pedi ya tatu, nenda diski E (ndiyo flashi hiyo), folda NGOMA MVUMI, chukua kati_nguvu_03.wav. Basi. Ni sawa na kuandika namba ya kiwanja kwenye karatasi ukadhani umeshajenga. Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Pigo la sekunde moja, WAV ya mono, 44.1 kHz, biti 16, ni kama KB 88. Zidisha mara 41, unapata MB 3 na nusu na ushee. Faili langu la mdundo lilikuwa na KB mia mbili na kitu. MB tatu na nusu zinajikunjaje mpaka zitoshe humo? Sikujiuliza. Nilikuwa najisikia prodyuza.

Kilichofuata ni mnyororo wa watu wema. Kinasa sauti nilikirudisha kwa mwenyewe na memori kadi nimeifuta kwa adabu, kwamba nisimwachie takataka. Wiki moja baadaye nikaenda steshenari moja kutoa fomu, nikampa binti flashi. Akaichomeka, akakunja uso, akabofya bofya, akanirudishia huku anatabasamu: "Kaka ilikuwa na virusi, nimekufomatia, sikutozi." Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa moyo mmoja, maana mimi nilijua programu imeshameza. Nikafika nyumbani nikaijaza tamthilia ya Kikorea ya mke wangu, vipande vyote mpaka mwisho.

Jumamosi ikafika. Kwaya imekuja, watu tisa kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti wao kavaa suti kamili na joto lile. Walikuwa wameshatoa nusu ya malipo kwa sababu ya zile ngoma. Nikafungua mdundo. Likatokea dirisha lenye orodha ndefu ya faili zisizoonekana, mstari baada ya mstari, zote zinaanza na E. Nikabonyeza sawa, nikajua nitaelewa mbele ya safari. Nikapiga. Noti zote zipo pale kwenye kioo, zimepangwa kama nilivyozipanga, mstari unazipita moja baada ya nyingine, kimya. Kilicholia ni kayamba tu, ile niliyoichukua ndani ya programu yenyewe. Chiki, chiki, chiki, chiki. Tukaisikiliza nusu dakika nzima, maana sikujua nisimamishe au nijifanye ndiyo utangulizi. Mwenyekiti akainama akaniuliza taratibu, "Ndiyo hiyo?"

Nilirudisha hela. Programu ya kufufua faili ilinirudishia sita kati ya 41, na mbili kati ya hizo zilikuwa mkwaruzo mtupu, kwa sababu tamthilia ilikuwa imeshakaa juu yake. Nilikuwa pia na demo niliyomtumia rafiki kwa WhatsApp. Nikajaribu kuchomoa ngoma humo, lakini bezi ilikuwa imeshazikalia. Ni kazi ya kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Nikarudi Mvumi, sukari upya, kanga upya. Ile ngoma kubwa ilikuwa imepasuka, imewambwa ngozi mpya. Inalia, ndiyo, lakini nyembamba, haina kile kifua. Nikamweleza mama kwamba nataka turekodi tena. Akanitazama kama mtu aliyerudi kudai chenji mara ya pili. "Mwanangu, si ulishaichukua?"

Kwa hiyo wewe usiku huu fanya hivi. Futa muvi kwenye diski ya laptopu, fungua folda moja yenye jina la huo mdundo, nakili sauti zote humo ndani, ZOTE, na zile ndefu ambazo hujakata. Halafu chomoa flashi. Namaanisha ichomoe, iweke kwenye kabati la vyombo. Ndipo ufungue programu na kuburuta kutoka kwenye hiyo folda ya laptopu. Ukimaliza sevu, kisha nenda menyu ya File, Export, Zipped loop package. Hiyo inakutengenezea zipu moja yenye mdundo pamoja na sauti zake. Hiyo zipu itume mahali pengine, kwenye barua pepe yako mwenyewe ukipenda. Halafu funga kila kitu, peleka hiyo zipu kwenye kompyuta ya jirani yenye programu hiyo hiyo lakini haijawahi kuziona hizo ngoma, ifungulie huko. Ikilia huko, imo. Isipolia, umegundua ukiwa peke yako na si mbele ya mwenyekiti mwenye suti. Mtu asikuambie "imemeza" kabla hujaisikia ikilia kwa jirani.

MP3 hapana. Sababu si ubora tu. MP3 mara nyingi inaongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, kama milisekunde 25. Kwenye mwendo wa 120 kwa dakika, hatua moja kati ya zile 16 za kila bari ni milisekunde 125, kwa hiyo ngoma yako itachelewa moja ya tano ya hatua, na utakaa wiki nzima unalaumu vidole vyako. Na kama bibi zako wamekutumia nyingine kwa voisi noti za WhatsApp, waombe wakurudie, voisi noti inabana sauti vibaya sana. Mwambie kijana wa hapo nyumbani arekodi kawaida kisha atume kama dokyumenti.

Kuna mengine uliuliza, nitayakumbuka. Ila nimeona chini umeandika "nimeshaingiza mbili tayari, zinalia safi sana". Zinalia kutoka wapi? Chomoa flashi, fungua upya, uniambie. Nipo hapa nasubiri.