Kabla Hujayapa Maporomoko Jina, Watafute Wanaoyajua

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Likasi aliniandikia akiniuliza afanye nini ili maporomoko atakayoyagundua huko Kundelungu yaitwe kwa jina lake. Aliniarifu kwamba amekwisha kununua kamba na kofia ngumu, na kwamba anasubiri kiangazi tu. Nilimjibu kwa mistari mitatu, nikaifuta, nikaandika tena, nikafuta tena, kwa sababu swali lake liligusa kidonda ambacho nimekifunika kwa miaka minne. Najua kwamba wengi wenu mna hamu ileile ya kusimama mahali ambapo picha haijawahi kupigwa, basi nimeona afadhali nijibu mbele ya wote.

Kwa asiyeijua nchi hiyo, Kundelungu ni uwanda wa juu ulioko kaskazini mwa Lubumbashi, huku kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ambao sehemu zake zinapita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kingo zake zimekatika ghafla kana kwamba zimechongwa kwa panga. Mto Lofoi unapofika kwenye ukingo huo huanguka kwa mruko mmoja wa mita 340 hivi, kisha huendelea bondeni kuelekea mto Lufira. Hayo ndiyo maporomoko ambayo kila mtu anayajua. Lakini ukingo ni mrefu, vijito vinavyoushuka ni vingi, na kila kijito kimejichimbia korongo lake. Ndani ya makorongo hayo hakuna njia ya miguu, na ndiko mimi na wenzangu watatu tulikoamua kwenda, mwezi wa sita, tukiwa na kibali cha kuingia katika hifadhi.

Safari ya gari siisimulii, maana aliyepita barabara zile anazijua na asiyezipita hatanisadiki. Siku ya pili ya kushuka korongoni tulikuwa tunatembea ndani ya maji yenyewe, mara magotini, mara kifuani, kuta za mawe zimetubana pande zote mbili na anga imebaki kama utepe juu ya vichwa vyetu. Mara sauti ikabadilika. Maji yaliyokuwa yakinong'ona mbele yetu yakawa yananguruma chini yetu, na mwenzangu aliyekuwa ametangulia akainua mkono tusimame. Nilitambaa kwa tumbo hadi ukingoni, nikachungulia, nikaona kijito chote kikijitupa katika birika la mawe meusi, na upinde wa mvua umelala juu ya povu. Mwenzangu huyo akadondosha jiwe, akahesabu kwa mdomo, akasema, "Sekunde nne, mita themanini!" Sote tukashangilia kama watoto.

Tulishuka kwa kamba kwa muda wa saa mbili na nusu, na sioni haya kusema kwamba nilitetemeka. Tulipofika chini nilitoa daftari langu nikaandika jina la marehemu mama yangu, aliyekuwa akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni ili mimi nisome, na ambaye hakuwahi kuona maporomoko yoyote maishani mwake. Nikawaambia wenzangu kwamba tangu siku hiyo mahali pale pataitwa kwa jina lake. Wakapiga makofi, na nikalia. Hadi leo nikikumbuka dakika zile kifua kinanijaa.

Siku mbili baadaye tulitoka bondeni tukiwa na njaa, tukakaribishwa bukari, yaani ugali, katika kijiji kimoja kilicho nje ya hifadhi. Muzee mmoja, ambaye zamani alikuwa mwindaji, alituuliza tulifika hadi wapi. Nilimweleza kwa majivuno, nikimchorea mchangani birika, mawe meusi na mti uliolala juu ya maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka taratibu, bila dharau. "Mwanangu," akasema, "hapo mlifika Pa Kurudia." Alilitamka jina kwa lugha yao, na hiyo ndiyo maana yake kwa Kiswahili: mwindaji aliyekuwa akimfuata mnyama korongoni alifika hapo, akakuta ukuta wa maji, akarudi nyumbani. Baba yake muzee alipaita hivyo, na babu yake pia. Halafu akatuuliza kwa nini tulishuka kwa kamba, ilhali upande wa kushoto kuna ufa katika mawe ambao mtu huteremka kwa miguu hata akiwa na mzigo.

Usiku ule sikulala. Jambo la ufa nililicheka kesho yake, lakini la jina halikuchekesha. Nilitamani muzee yule awe amekosea, na hata leo kuna siku natamani hivyo. Hatimaye nilifungua daftari nikalikata jina la mama yangu kwa mstari mmoja, ili liendelee kusomeka.

Mwenzetu aliyedondosha jiwe hakufanya hivyo. Alikuwa ameketi pale pale mchangani, amesikia kila neno, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameyaandika maporomoko yale katika ramani ya intaneti kwa jina la ukoo wake, pamoja na zile mita themanini zake. Nilipompigia simu alinijibu kwamba jina lisiloandikwa si jina. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike haya, kwa maana sisi watu wa Katanga tulipaswa kuwa wa mwisho kulitamka. Mji wetu wenyewe, Lubumbashi, uliitwa Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, hadi mwaka 1966 uliporudishiwa jina la mto wake. Likasi iliitwa Jadotville. Maporomoko ya Mwadingusha katika mto Lufira yaliandikwa ramanini kwa jina la Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita nchini kati ya 1891 na 1893, kana kwamba kabla yake hakuna mtu aliyewahi kusikia kishindo kile. Livingstone naye alipofika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, katika mto Zambezi, mwaka 1855 alipewa jina lile na waliokuwa wakiishi hapo, akalisikia vizuri, na bado akaandika la malkia wake, Victoria. Tunawalaumu hao kila siku, halafu tunanunua kamba na kwenda kufanya yaleyale kwa ndugu zetu wenyewe! Kijana wangu, uliza kwanza. Uliza kabla ya kupanda, uliza baada ya kushuka, na usimuulize mtu mmoja tu, kwa sababu mwindaji, mvuvi na mama anayechota maji wanaweza kuwa na majina matatu ya mto mmoja.

Kuhusu vipimo nasema kwa ufupi. Jiwe linaloanguka kwa sekunde nne kamili limeshuka karibu mita 78, lakini mdomo huhesabu vibaya mtu anaposisimka, na sauti nayo huchelewa kidogo kupanda. Mwaka uliofuata nilirudi na kamba yenye alama kila baada ya mita moja, nikapata mita 52. Funga fundo mwishoni mwa kamba ili usiteleze ukatoka nje yake, na weka kitambaa kigumu mahali inapogusa ukingo wa jiwe. Usiingie korongoni kati ya Novemba na Aprili: mvua inaweza kunyesha mbali juu ya uwanda huku wewe ukiona jua, na ishara ya kwanza ni maji kugeuka rangi na kuleta majani. Ukiona hivyo panda juu mara moja, usingoje picha. Na uliza wenyeji, nalirudia kwa makusudi, kwa kuwa ndio watakaokwambia ufa uko upande gani.

Ramani ile bado ina jina la ukoo wa yule mwenzetu. Mara mbili nimeomba irekebishwe, na mara mbili nimejibiwa kwamba jina ninalolipendekeza halina ushahidi wowote ulioandikwa. Muzee yule hakusoma, na tangu mwaka jana macho yake yamefifia. Mwezi wa saba narudi kijijini nikiwa na kinasa sauti, betri za akiba, na sukari aliyoniagiza. Kijana wa Likasi, kama kweli una kamba nzuri, unaweza kuja nami, ingawa tutashuka kwa kupitia ule ufa.